Tulipigiwa makofi, lakini fomu yetu iliwaacha wamama nje

Wiki hii zamu ya kuandika ni yetu, na tumekubaliana tuandike jambo ambalo aibu yake ni yetu wenyewe. Msimtafute wa kumlaumu nje ya kikundi, hayupo.

Mnakumbuka Februari 2025, Bukavu ilipoanguka. Watu wakavuka Rusizi na mabegi kichwani, wengine majini kabisa, na pale Rugombo uwanja wa mpira ukajaa mpaka hapakuwa na pa kuweka mguu. Lakini si wote walibaki Cibitoke. Wengine walikuwa na shangazi hapa mjini, au mjomba, au jirani wa zamani, basi wakashuka kimya kimya mpaka Buterere, Kinama, Buyenzi. Unakuta watu kumi na wawili kwenye vyumba viwili, na mwenye nyumba naye ni mkimbizi wa zamani ambaye hata yeye kodi inamshinda.

Sisi tukasema hatuwezi kukaa tu. Watu wa msikiti na watu wa kanisa walikuwa tayari wanakusanya sabuni, mikeka, nguo za watoto. Kilichokosekana ni orodha. Nani yuko wapi, ana watoto wangapi, tumpigie namba gani siku ya kugawa. Na orodha ndiyo kazi tunayoijua, si ndiyo? Wengi wetu tumeshajitolea kambini, tumetembea hema kwa hema na simu mkononi tukijaza fomu za KoboToolbox. Wengine kati yetu tunajiita madevelopa, tuko na kikundi, tuko na ukurasa, tuko na fulana.

Fomu tukampa atengeneze yule anayejulikana zaidi kati yetu. Hatutaji jina, na yeye mwenyewe amesoma maandishi haya kabla hayajatoka. Alikuwa na wafuasi wengi, alikuwa na vyeti, alishapanda jukwaani kwenye mashindano ya kuandika programu akapigwa picha na wageni. Hatukumuuliza ameshatengeneza fomu ngapi. Nani angemuuliza? Ingeonekana ni wivu.

Akaitengeneza usiku mmoja. Ilikuwa nzuri kwa macho, nembo ya kikundi juu, maswali kwa Kiswahili na Kifaransa. Tukaipiga picha tukaiweka kwenye ukurasa wetu na maneno makubwa: vijana wakimbizi wanatumia teknolojia kusaidia ndugu zao. Laiki zikamiminika. Mpaka watu wa Ulaya wakaandika hongera.

Sasa sikieni kilichokuwa ndani. Kwenye swali la simu kulikuwa na sharti: namba iwe na tarakimu 8, si pungufu wala zaidi. Ni kweli, namba za Burundi ni tarakimu 8. Lakini mtu aliyevuka Rusizi juzi bado ana laini ya Kongo, na namba ya Kongo ukiiandika na sifuri yake ya mbele ni tarakimu 10. Ukiingiza tarakimu 10, simu inakuandikia nyekundu: namba si sahihi. Na swali lilikuwa la lazima, huwezi kuliruka.

Fikiria uko Buterere saa saba mchana. Mama amesimama mbele yako na mtoto mgongoni, nyuma yake kuna wengine ishirini, simu inakataa, chaji inaisha. Wengi wetu tulifanya nini? Tulikata tarakimu mbili za mwisho. Wengine walikata za mwanzo. Fomu ikakubali, tukasema "asante mama, tutakupigia", tukaita mwingine.

Siku ya kugawa ilipofika ujumbe ulitumwa kwa namba zile. Familia zilizokaa hapa zamani, zenye laini za Burundi, zilikuja. Waliokuja juzi, wale ambao orodha ilitengenezwa kwa ajili yao, hawakuja. Sisi tukaona mbona wachache, tukasema labda wamehamishwa kambini. Kesho yake mama mmoja akaja mwenyewe kwa miguu kutoka Buterere, akatuuliza kwa sauti ya chini kabisa: "Wanangu, mliniandika, namba niliwapa. Mimi nilikosa nini?"

Hakuna kati yetu aliyemjibu. Tulimpa kipande cha sabuni kilichobaki, na kile kipande kilituuma kuliko angetutukana.

Tungeishia hapo, ingekuwa hadithi ya kosa la kawaida. Kila mtu anayeandika programu anakosea. Kilichotufanya tuandike ni kitu tulichokigundua jioni ile tuliporudi kwenye kikundi cha WhatsApp kutafuta ilikuwaje.

Kumbe siku ya kwanza kabisa, saa ya kwanza, dada mmoja wa kikundi alikuwa ameandika: "Hii fomu inakataa namba za Kongo, tusimame kwanza." Ujumbe wake ulikuwa pale. Juu yake kuna pongezi, chini yake kuna pongezi, mioyo, mikono ya makofi, mtu ameweka picha yake akiwa na kizibao cha kazi. Hakuna aliyemjibu. Yeye si mtu wa kujulikana. Haongei sana, hana cheti hata kimoja cha kompyuta, simu yake kioo kimepasuka. Alichofanya ni kununua daftari la shule na kuandika namba zote kamili kwa kalamu, kila familia aliyoipita. Ndiyo maana familia za upande wake peke yake tuliweza kuzipigia tena. Za upande wetu sisi, wenye wafuasi, ilibidi tutembee tena nyumba kwa nyumba, na baadhi hatukuwakuta.

Basi swali letu ni hilo. Ujuzi ulikuwemo ndani ya kikundi, tena tangu saa ya kwanza. Kwa nini hatukuusikia?

Msidhani ni sisi tu watoto wa wakimbizi wenye ugonjwa huu. Mwezi wa tatu 2024 mtu mmoja anaitwa Andres Freund, anayefanya kazi kwenye PostgreSQL, ile programu ya kuhifadhi data, alikuwa anapima mashine yake. Akaona kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa njia ya SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde, jamani! Sisi hapa ukurasa ukifunguka ndani ya dakika moja tunasema leo intaneti iko vizuri. Yeye hakuacha. Alichimba mpaka akakuta ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika kwenye Linux nyingi duniani, kuna mlango wa siri uliowekwa kwa makusudi kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Tarehe 29 Machi akautangaza. Matoleo yale yalikuwa bado hayajaenea kwenye mashine nyingi, yakaondolewa.

Na mlango ule uliingiaje? Hapa ndipo panapotuhusu. Xz ilikuwa ikitunzwa miaka mingi na mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland, kwa muda wake wa ziada, bila makofi ya mtu. Tangu 2021 akaunti moja iliyojiita Jia Tan ikaanza kuleta msaada, kidogo kidogo, kwa adabu. Halafu 2022 zikatokea akaunti nyingine, watu ambao hakuna aliyekuwa anawajua, zikaanza kumpigia Collin kelele: unachelewa, mpe mwingine nafasi, watu wanangoja. Kelele za umati. Mwisho Jia Tan akapewa funguo. Mpaka leo hakuna anayejua kwa hakika Jia Tan ni nani.

Sisi tunaisoma hivi: kelele za watu zilitumika kama silaha, na kilichookoa mashine ni mtu aliyeijua mashine yake kiasi cha kuhisi nusu sekunde. Dada yetu wa daftari na yeye alihisi nusu sekunde yake. Tofauti ni kwamba Freund alipoandika, watu walisoma.

Tusiwe wanafiki. Kutafuta kujulikana si ujinga, kwa mkimbizi ni karibu lazima. Kijana wa Bujumbura mwenye wazazi na kitambulisho cha kawaida ana mjomba ofisini, ana diplomu inayotambulika. Sisi diplomu ya mwingine ilibaki Uvira ndani ya nyumba iliyovunjwa. Kupokea pesa ya kazi ya nje kwa karatasi ya mkimbizi ni vita nyingine tena. Basi unabaki na nini? Unabaki na jina. Ukijulikana, labda mtu mmoja mahali fulani atasema, huyu kijana anaweza. Tunawajua wenzetu waliopata skolashipu kwa sababu mtu aliona video yao. Hatuwezi kuwaambia wengine wajifiche.

Lakini tunachokiona kikundini ni kwamba jina limeanza kukimbia mbele na kazi imebaki nyuma, haionekani tena. Mwenzetu anafungua akaunti GitHub, wiki ya kwanza anaanza kuomba nyota kwa kila mtu kwenye WhatsApp: nipe nyota, nami nitakupa. Ukifungua kazi yenyewe unakuta ni mfano wa somo la mtandaoni umenakiliwa, jina limebadilishwa tu. Siku hizi hata kunakili si lazima, unaiambia mashine ikuandikie, inaandika, wewe unaweka picha. Ukimuuliza mstari wa kumi unafanya nini, anakasirika. Na nyota zenyewe duniani zinauzwa kama nyanya, mtu ananunua elfu moja akilala maskini akiamka maarufu. Nani wa kumdanganya hapo? Anajidanganya mwenyewe, kwa sababu siku atakapopewa kazi ya kweli, mbele ya watu wa kweli, fomu itakataa namba.

Nendeni Buyenzi, kwenye magaraji. Sisi tunapita pale kila siku. Kuna mafundi wana mabango makubwa, yamechorwa magari ya kifahari ambayo hayajawahi kuingia pale. Na kuna mzee mmoja hana bango kabisa, ana kibao cha kukalia na chupa ya chai. Madereva wa teksi wanamngoja. Tulimuuliza, mzee, watu wanakujuaje? Akacheka. Anakuambia uwashe gari, anainamisha kichwa, anasikiliza. Anasema kijana akija kujifunza kwake, miezi ya kwanza hagusi kitu, anaosha vipuri kwa petroli (siku hizi petroli yenyewe ya kutafuta kwa tochi, anaosha kwa sabuni) na anataja kila kipuri kwa jina. Wengi wanaondoka. Wanaenda kwa mwenye bango, ambako siku ya pili unapewa ovaroli na unapiga picha.

Huyu mzee anajulikana kuliko sisi wote. Lakini kujulikana kwake kumetoka kwa magari yaliyowaka, gari moja baada ya lingine. Hatumkatai mtu anayejulikana kwa njia hiyo.

Sasa ujuzi wenyewe ni nini, maana neno hili "ujuzi" nalo tumelichosha. Tuchukue ile fomu. Tulikaa siku nne kuirekebisha, na dada wa daftari ndiye aliyekaa katikati. Tulijifunza kwamba namba ya simu usiihesabu kama hesabu, ihifadhi kama maandishi, la sivyo ukifungua orodha kwenye Excel sifuri ya mbele inapotea na namba inakufa. Tulijifunza kuuliza kwanza laini ni ya nchi gani, ndipo sharti libadilike: 8 kwa Burundi, 10 kwa Kongo. Tulijifunza kwamba swali la lazima ni kitu cha hatari, kwa sababu binadamu aliyebanwa atatunga jibu. Ukimlazimisha mtu ajaze, atajaza, hata uongo. Kuna mama ambaye hana simu kabisa! Fomu yetu ya kwanza haikuwa na nafasi yake. Ya pili inauliza: je, kuna jirani tunayeweza kumpigia? Na tukaongeza kitu ambacho si cha kompyuta: mkusanyaji anapiga namba pale pale, simu ikilia mfukoni mwa mama ndipo anaendelea.

Hakuna laiki hata moja katika hayo. Ukiipiga picha fomu ya pili na ya kwanza, ya kwanza ni nzuri zaidi.

Tukagundua pia kwamba miaka yote tuliyojaza fomu za Kobo, hakuna aliyejiuliza zinatoka wapi. Kobo ilianzia kwa watu wa Harvard wanaofanya kazi za kibinadamu, na imesimama juu ya kazi ya wengine, Open Data Kit, iliyoanza 2008 Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle. Maandishi yake ya programu yako wazi. Mtu yeyote anaweza kuyasoma, hata aliyekaa Bwagiriza. Kitu tulichokishika mkononi kila siku kama chombo cha wazungu, kumbe mlango wake hauna kufuli. Fomu yenyewe unaweza kuiandika kwenye jedwali la kawaida, safu ya aina ya swali, safu ya jina, safu ya maneno, safu ya masharti. Ukiijua vizuri hiyo peke yake, wewe ni mtu wa maana kwa shirika lolote linalohesabu watu, na mashirika yote yanahesabu watu.

Mtu atasema, nyinyi mnaongea kama mna umeme. Hatuna. Unakatika, tunangoja, mega zinaisha katikati ya somo. Lakini hapa kuna jambo ambalo wenzetu wengi hawalijui: mengi ya ujuzi hayahitaji intaneti kila saa, umaarufu ndio unaoihitaji. Laiki haziwezi kungoja, git inaweza. Wengi wetu tulidhani git na GitHub ni kitu kimoja. Git aliitengeneza Linus Torvalds mwaka 2005, na inakaa ndani ya mashine yako yenyewe, inatunza kila badiliko ulilofanya hata kama hujaona mtandao wiki nzima. Ukipata mega unatuma. Kuna Kiwix, inakuwezesha kubeba Wikipedia na vitabu vya masomo ndani ya kadi ya simu, tunapeana mkono kwa mkono. Kuna Termux, unaandika Python ndani ya simu ya kawaida ya Android, hata yenye kioo kilichopasuka. Maelezo ya Python yanapakuliwa yote mara moja, na Kifaransa kipo. Dada wa daftari amejifunza hivyo, usiku, akiwa kwenye kona ya chumba chenye watu tisa. Hatukujua. Hakuwahi kuposti.

Sasa neno kwenu wakubwa zetu wa mashirika, maana tunajua mnasoma. Tunawaheshimu, na wengi wenu mmetufundisha kwa moyo. Lakini ugonjwa huu mnaulisha pia. Ikifika tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi, mnatafuta kijana wa mfano, na mnamtafuta wapi? Kwenye simu. Anayejulikana anaitwa, anaongea Kifaransa kizuri, anapigwa picha, mwaka unaofuata anaitwa tena kwa sababu mwaka jana aliitwa. Ni vijana walewale watano. Mafunzo ni siku tatu, soda, kofia, cheti, picha ya pamoja. Kuna wenzetu wana vyeti vinne vya programu na hawajawahi kuandika mstari mmoja ulioendesha kitu. Si kosa lao peke yao. Waliona kinacholipwa.

Mkitaka kujua nani anaweza, mbona ni rahisi? Leteni fomu iliyoharibika. Msiseme iliyoharibika wapi. Wapeni vijana saa mbili, kila mtu peke yake, majina yasionekane. Halafu someni walichofanya. Mtashangaa nani atabaki mezani. Na badala ya kofia, tupeni betri moja nzuri na mega za mwezi, tutaandika risiti.

Kuna mmoja kati yetu hakubaliani na maandishi haya, na tumekubali kuliweka neno lake. Anasema: dada wa daftari alikuwa na ujuzi na haukumsaidia, kwa sababu hakujulikana, kwa hiyo tufundishe watu kujulikana, wajifunze kupaza sauti. Ana nusu ya ukweli. Ni kweli dada angepiga simu badala ya kuandika mara moja na kunyamaza. Amesema hivyo mwenyewe. Lakini tukimwachia yeye mzigo wote wa kupaza sauti, tumejisamehe haraka mno. Ujumbe wake ulikuwa na maneno manane, Kiswahili safi, mahali ambapo sote tulikuwa tumefungua simu. Alisema vya kutosha. Sisi ndio tulisoma jina kwanza, tukaona si jina kubwa, kidole kikapita.

Kwa hiyo tumebadilisha mambo kikundini, na hatujui kama yatadumu, maana tunajijua. Kazi yoyote inayogusa watu haitoki mpaka wawili ambao hawakuitengeneza waijaribu, na mmoja wao awe mtu aliyefika juzi, si mwenyeji. Mtu akiandika kwamba kitu kinakataa, pongezi zinasimama mpaka ajibiwe. Hilo la pili ni gumu kuliko mnavyofikiri, watu wanapenda pongezi. Tayari tumegombana mara mbili. Na ukurasa wetu tumeacha kuweka picha za vyeti; tunaweka kosa tulilolipata na jinsi tulivyolirekebisha. Wafuasi wamepungua kidogo. Aliyetengeneza fomu ya kwanza ndiye anayeandika makosa hayo sasa, tena anaandika vizuri, kipaji cha kuongea na watu anacho kweli, hatukukitumia mahali pake tu.

Yule mama wa Buterere tulimtafuta. Namba yake tulikuwa tumeikata tarakimu mbili za mwisho, na tarakimu mbili zinaweza kuwa namba mia moja tofauti. Tulizipiga, moja baada ya nyingine, zile mega za kikundi zikaisha, tukanunua vocha. Namba ya sitini na kitu iliita, akapokea mtoto, tukasikia sauti ya yule mama nyuma yake ikiuliza ni nani.

Jumamosi hii saa nane tuko Buyenzi, pale pale panapojulikana. Tutafungua fomu moja mbovu na kila mtu ataijaribu kwa simu yake mwenyewe. Njooni na chaji.